Sahihi inawekwa Bibwa, deni linalipwa Kamituga

Mwaka wa masomo 2024-2025 ulifunguliwa tarehe 2 mwezi wa tisa, kwenye karatasi. Huku kwetu Sud-Kivu, katika shule nyingi za primeri za Leta, kengele ililia na mwalimu hakuingia darasani. Walimu walikuwa wanaomba, kati ya mambo mengine, mshahara wa dola 500 kwa mwezi, na ule wanaopokea leo haufiki nusu yake. Waliomba tena serikali itimize yale ambayo yenyewe ilishayawekea sahihi tangu 2021. Nasi tukaanza kusikia redioni yale maneno tunayoyajua kama sala ya asubuhi: mazungumzo, tume, makubaliano, walimu watulie, wazazi wavumilie.

Mimi si mwalimu. Nina diplome d'Etat yangu na miaka mingi katika sendika ya watu wa migodi, basi. Naandika sababu huko kwenye makare yetu, Kamituga, Lugushwa, Nyabibwe, Nzibira, Misisi, watu wanaongea juu ya huu mgomo sawa vile mvua inayonyesha kwa jirani. "Ile ni mambo ya balimu na Leta yabo." Nimesikia hiyo sentensi mara nyingi mpaka nikachoka. Ndugu zangu, si mambo yao peke yao. Kila mara serikali na walimu na wakubwa wa shule wanapokaa na kukubaliana, au kukosa kukubaliana, pesa inatafutwa mahali. Na mahali pale ni mfukoni mwa mutu anayetoka ndani ya shimo na udongo kichwani, na mwa mama anayetwanga mawe tangu saa kumi na mbili ya asubuhi.

Vijana hawajui hii hesabu ilianza wapi. Mbele ya 1992, mshahara wa mwalimu ulikuwa kazi ya Leta, hata kama ulikuwa mdogo. Kisha pesa ya Zaïre ikaoza, mishahara ikawa haitoki, walimu wakafanya mgomo mkubwa, na watoto wa nchi nzima wakakaa nyumbani. Kusudi masomo yafunguliwe, maaskofu wa Kanisa Katoliki na chama cha wazazi wakakubali jambo moja: wazazi wamsaidie mwalimu kidogo, kwa muda, mpaka Leta isimame tena. Wakaita ile pesa "motivation". Kwa muda! Ule muda ulidumu miaka 27. Ule msaada ukageuka mshahara wenyewe. Mutoto asiyeleta alirudishwa njiani, na katika vijiji vyetu vya machimbo kuna watu wazima leo wasiojua kusoma bei ya dhahabu kwenye kikaratasi cha négociant, sababu walifukuzwa shule kwa deni la miezi miwili.

Na ile pesa haikubaki yote kwa mwalimu. Hilo ndilo jambo ambalo mchimbaji anatakiwa alielewe vizuri, kwa sababu linafanana na mambo ya shimo. Unajua namna gani mzigo unavyogawanywa: PDG wa shimo achukue sehemu yake, mwenye kilima achukue, kooperative ichukue, huyu wa taksi na yule wa taksi, na wewe uliyeingia ndani unabaki na kile kilichoanguka. Franga za masomo nazo zilipanda ngazi hivyo hivyo. Sehemu ilikwenda kwa shule, sehemu kwa biro ya mkubwa wa shule, sehemu kwa biro za Leta za elimu. Mashini kubwa ilijengwa juu ya mgongo wa mzazi, na watu wengi walikula hapo bila kuiba hata kidogo, ilikuwa ndiyo utaratibu.

Katiba ya tarehe 18 mwezi wa pili 2006, artikle ya 43, ilisema wazi kwamba masomo ya primeri katika shule za Leta ni ya lazima na ni ya bure. Tukangoja miaka 13. Mwezi wa nane 2019 serikali ya Rais Félix Tshisekedi iliita Kinshasa kikao kikubwa cha walimu, wakubwa wa shule na wengine, na mwezi wa tisa "gratuité" ikaanza. Mimi niliifurahia na bado naifurahia, hata kama marafiki wengine wa sendika wananicheka. Watoto zaidi ya milioni mbili waliingia ao kurudi darasani nchini. Niliona mabinti wa umri wa miaka 12 wakianza darasa la kwanza bila haya. Anayesema gratuité ilikuwa kosa, aende awaambie wale mabinti uso kwa uso.

Lakini kosa lilikuwa wapi? Kwenye hesabu. Ulipomkataza mzazi kulipa, ulitakiwa siku ile ile ujue walimu wangapi walikuwa wanaishi kwa pesa ya mzazi. Kuna walimu wanaitwa NU, maana yake "nouvelles unités": wanafundisha kila siku, wana karatasi ya kazi, lakini hawako kwenye orodha ya malipo ya Kinshasa. Siku ya mwisho ya motivation ilikuwa siku ya mwisho ya mshahara wao. Mwalimu wa namna hiyo katika kijiji cha Shabunda ao Mwenga atakula nini? Utamkuta kare. Tumewapokea wengi. Wengine wanaandika hesabu ya PDG, wengine wanabeba mifuko. Wakati wa ruhusa kubwa ya mwezi wa saba na wa nane hata wale wanaolipwa wanakuja, na hakuna anayeshangaa tena.

Na wakati NU wanangoja, majina ya uongo yalikuwa yanalipwa. Sisemi hii kwa uvumi wa baa. Wakaguzi wa IGF waliingia katika orodha ya SECOPE, ile ofisi ya kulipa walimu ambayo leo inaitwa DINACOPE, wakakuta shule na walimu wasiokuwako. Mwaka 2021 mahakama ya Kinshasa iliwahukumu wakubwa wawili wa elimu, mmoja wao mkubwa wa SECOPE mwenyewe. Basi mutu asituambie tu kwamba pesa haiko.

Sasa tufike Bibwa. Ni mahali pa komine ya N'sele, upande wa Kinshasa. Mwezi wa kumi 2021 shule zilikuwa zimefungwa kwa mgomo, na wanafunzi wa Kinshasa wakavaa uniforme zao wakaenda mpaka Palais du Peuple, mbele ya wabunge, kudai walimu wao. Watoto! Serikali na sendika za walimu wakakaa Bibwa, wakatoka na makubaliano. Ndani yake kulikuwa mambo mazuri: NU waingizwe kwenye malipo, zile zone za mshahara ziondolewe (maana mwalimu wa Kinshasa anapata kuliko mwalimu wa Mwenga kwa kazi ile ile, sijui kama chumvi ya Mwenga ni ya bure), wazee waende pensheni kwa heshima. Mikono ikashikana, picha zikapigwa, shule zikafunguliwa.

Na mwaka 2024, walimu wa Sud-Kivu waligoma wakiwa na neno Bibwa mdomoni.

Hapa naongea kama mtu wa sendika, na wenzangu wa SYECO na SYNECAT wasinikasirikie. Sisi wa migodi tumeweka sahihi kwenye makubaliano mengi na wenye kampuni na kooperative. Kitu kimoja tumejifunza kwa jasho: karatasi isiyokuwa na tarehe si makubaliano, ni salamu. Ukiandikiwa "mishahara itaangaliwa hatua kwa hatua kulingana na uwezo", ujue umepewa chai. Makubaliano yanatakiwa yaseme: mwezi huu, watu hawa, idadi hii, na nani atakuja kuhakikisha, na akikosa itakuwa nini. Na tena orodha ibandikwe ukutani, si kukaa katika mfuko wa mkubwa wa sendika. Kule Bibwa wenzetu walishinda maneno. Idadi ilibaki Kinshasa.

Nauliza pia: walioketi pale ni nani? Kila mara wanakuwa watatu. Serikali iko. Sendika za walimu ziko, na ni haki yao. Na wa tatu ni wakubwa wa shule, hawa tunaowaita "gestionnaires". Wengine wa kwetu hawajui nguvu yao. Tangu ile mapatano ya tarehe 26 mwezi wa pili 1977, Leta ilirudishia makanisa kazi ya kuendesha shule ambazo Mobutu alikuwa amewanyang'anya. Leo shule nyingi za primeri kuliko nusu ni za mikono ya makanisa: Wakatoliki, Waprotestanti (huku kwetu CEPAC na CELPA wana shule kila kilima), Wakimbanguiste, Waislamu. Mwalimu analipwa na Leta, lakini anayemweka na kumtoa ni coordination ya kanisa. Ni kama shimo lenye wenye wawili.

Ninawaheshimu. Bila Mapadri na Wachungaji, hapa kwetu wakati wa vita vyote vile kusingekuwa hata ubao mmoja mweusi. Lakini gratuité iliwakata pia biro zao zile franga zilizokuwa zinapanda ngazi, na kile Leta iliahidi kuwapa kwa uendeshaji hakifiki, ao kinafika kimechoka. Basi mkubwa wa shule anaporudi kutoka kikao mikono mitupu, anafanya nini? Anamwangalia directeur. Directeur anamwangalia mwalimu. Mwalimu anamwangalia mutoto. Na mutoto anafika nyumbani jioni: "Papa, wameomba franga za karatasi za maswali." Kesho franga za choo. Kesho kutwa za mlinzi, za bulletin, za sikukuu ya mwalimu. Mama mmoja mtwangaji wa Kamituga aliniambia: "Masomo iko bure, lakini kila juma wananiomba." Sentensi moja hiyo ina ukweli kuliko ripoti nyingi. Shule moja ambayo sitaitaja iliomba wazazi kununua mabati mara mbili kwa paa moja, na hakuna aliyetuonyesha risiti.

Wataniambia: wazazi wako na chama chao, ANAPECO, kinaalikwa. Ni kweli, kinaalikwa. Mimi nauliza tu watu wa Lugushwa na wa Misisi: ni nani aliyekuja kwenu kuuliza mnaweza kulipa ngapi, mbele ya kwenda kusema kwa jina lenu? Ni lini mlimchagua? Kila mwaka gavana wa jimbo anaweka sahihi kwenye arrêté ya franga za masomo, nyuma ya kikao cha ofisi za elimu, wakubwa wa shule, sendika na hao wasemaji wa wazazi. Ile arrêté inahusu hasa sekondari, sababu gratuité ilisimama darasa la sita. Mutoto akipita mtihani wa ENAFEP, akaingia la saba, mlango unageuka duka. Na kwa sheria ya 2014 la saba na la nane ni sehemu ya masomo ya msingi! Ng'ambo ya ziwa Tanganyika, Tanzania ilifuta ada ya primeri tangu 2001, na 2016 ikafuta ya sekondari mpaka kidato cha nne. Wao pia wana madarasa yaliyojaa na walimu wanaolia, sidanganyi. Lakini mzazi wa Kigoma anajua sheria inamwambia nini mpaka mutoto afike umri wa miaka 17. Wa Fizi, upande huu wa maji yale yale, anajua mpaka 12.

Wale wanaopanga bei katika kikao hicho wanadhani mzazi ni mtu wa mshahara wa mwisho wa mwezi. Mchimbaji hana mwisho wa mwezi. Ana siku shimo lilipotoa na siku shimo lilipojaa maji. Anaweza kulipa muhula mzima mwezi wa tano na kukosa franga ya daftari mwezi wa kumi. Mwaka 2024 tuliona wazi. Katikati ya mwezi wa saba gavana Jean-Jacques Purusi alisimamisha kazi ya uchimbaji katika jimbo zima, mpaka wenye kampuni na kooperative wajiandikishe na waonyeshe karatasi zao. Sikatai, fujo ilikuwa, na kuna waliokuwa wanabeba mali yetu usiku kama wezi. Lakini hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba kati ya mwezi wa saba na mwezi wa tisa ndiyo wakati familia ya mchimbaji inatafuta uniforme, viatu na franga ya kuandikisha mutoto. Ofisi ya mines iliamua peke yake. Ofisi ya elimu ilipanga bei peke yake. Zote mbili zilikuwa hapa Bukavu, ulitoka moja kwa miguu ukafika ingine. Amri mbili zikakutana ndani ya nyumba ya mtu mmoja.

Basi shule imefungwa, mwalimu amegoma, papa hana kazi ya hakika. Mutoto wa miaka 11 anakaa nyumbani kufanya nini? "Aende abebe hata kilo mbili, atanunua kalamu." Nimesikia hivyo kutoka kwa baba mwema, si mlevi. Hapo ndipo nawaomba wenzangu mnisikilize kwa masikio mawili, maana sasa siongei juu ya serikali.

Sheria ya mines inakataza mutoto kupata karte ya mchimbaji. Hilo mnalijua na mnalipuuza, sawa. Lakini kumbukeni rangi. Sites zetu za kasiterite na koltani zinapewa rangi: kijani, manjano, nyekundu. Wakaguzi wakikuta watoto wanafanya kazi ya hatari ndani ya shimo, site inaweza kuwekwa nyekundu. Site nyekundu haina haki ya kuuza. Kilo yako inabaki stoo, ao unamwuzia mtu wa usiku kwa bei anayotaka yeye. Mgomo wa walimu wa miezi miwili unaweza kufunga machimbo ambayo watu elfu wanakula humo. Nani kati ya waliokaa Bibwa alifikiri hilo? Hakuna, maana hakuna mtu wa shimo alikuwa pale kuwaambia.

Na kuna mabinti. Mvulana akikosa shule anakwenda shimoni, baba anamwona. Binti akikosa shule anaanza kuuza maandazi kando ya kare, nyuma ya miezi sita mnamwita mke wa mtu. Hapo sihitaji kueleza zaidi, tunajuana.

Wataalam wa serikali wanasema pesa haiko. Mimi najua mahali moja iko, ao inatakiwa iwe. Sheria ya mines ilibadilishwa tarehe 9 mwezi wa tatu 2018. Inasema redevance inayolipwa na kampuni yenye cheti igawanywe hivi: asilimia 50 kwa serikali ya Kinshasa, 25 kwa jimbo, 15 kwa eneo lenyewe ambapo wanachimba, ndiyo chefferie, sekta ao komine, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Tena kampuni inatakiwa itoe asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wenyeji. Kama Leta imeshindwa kumlipa mwalimu, hiyo 15 na hiyo 0.3 zinaweza angalau kujenga darasa, kununua madawati, kuweka nyumba ya mwalimu karibu na shule kusudi asikimbie. Ujue hata hivyo kwamba redevance hiyo haitoki kwa wachimbaji wa mikono. Dhahabu yetu nyingi inavuka mpaka bila kusalimia mtu, na dhahabu inayotoroka haijengi shule. Kila gramu unayomwuzia mtu wa magendo kwa faida ya franga kidogo, hesabu na dawati lililokwenda nayo. Wazee wa Kamituga wanakumbuka wakati wa SOMINKI, mutoto wa mfanyakazi alisoma katika shule ya kampuni na kutibiwa kwa hospitali ya kampuni. Ile kampuni ilikuwa na makosa yake makubwa, sitaki kuisifu, lakini ilijulikana kwamba mutoto wa mtu wa mgodi ni kazi ya mgodi. Ilipokufa, mwisho wa miaka ya 1990, mutoto huyo hakupewa mwenye mpya.

Waziri wa elimu leo ni mama Raïssa Malu, naye anaita sendika na wakubwa wa shule kuzungumza. Ni vizuri kuzungumza. Mimi nasema mazungumzo yashuke. Yatoke Kinshasa yafike majimboni, na yasiishie Bukavu mjini kwenye hoteli ya kando ya ziwa. Yafike Kamituga, yafike Nyabibwe. Pale, mbele ya kusema neno la mshahara, orodha ya DINACOPE ya shule za pale isomwe kwa sauti, jina kwa jina, mbele ya wazazi. Sisi tunajua nani anafundisha. Tunajua nani alikufa miaka minne iliyopita na nani yuko Goma anafanya biashara. Hakuna mkaguzi wa IGF anayeweza kutushinda sisi kwa hiyo kazi, na hatutaomba per diem. NU ajulikane kwa jina na aingizwe kwa tarehe. Makubaliano yakipatikana, yabandikwe kwenye ukuta wa kila shule, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili chetu, pamoja na zile franga ambazo directeur haruhusiwi kuomba.

Na mchimbaji apewe kiti. Si kiti cha kukaa nyuma na kupiga makofi. Kiti cha kusema: mwezi huu kazi imesimama, bei hii hatuiwezi, ao: tunaweza kulipa sekondari mara mbili kwa mwaka wakati kazi inatoa, msifukuze mutoto katikati. Mwalimu ambaye ana sendika nzuri ataona kwamba sisi si adui zake. Tukisimama kando yake, hatakuwa peke yake Kinshasa. Mgomo ambao mzazi anauelewa unachukua muda mfupi, nao unaumiza serikali kweli. Ule ambao mzazi anautukana unaumiza watoto peke yao, na serikali inaweza kuungoja mwaka mzima.

Wengine kati yenu mmeanza kuwatukana walimu barabarani, eti wavivu, eti wanapenda pesa. Acheni hiyo. Wewe ukishuka shimoni mita 40 na PDG akakataa kukulipa, unarudi kesho? Mwalimu mwenye darasa la watoto 80, kwa mshahara ambao anaacha darasa siku kadhaa kwenda kuufuata mjini, ana haki ya kuweka chaki chini. Nasi tuna haki ya kumwambia: usiingie kikaoni bila sisi.

Kamati yetu imeandika barua kwa ma-PROVED wa Sud-Kivu kuomba viti viwili vya wazazi wa machimbo, mmoja awe mama mtwangaji, katika kikao cha kuandaa mwaka wa masomo. Nakala inakwenda kwa gavana, kwa coordination za makanisa na kwa sendika za walimu. Pamoja na barua tunataka kuweka orodha ya walimu wasiolipwa wa kila shule iliyo karibu na kare, na hesabu ya watoto walioshuka shimoni tangu mwezi wa tisa, bila majina ya wazazi wao. Daftari ziko kwa wenyeviti wa makare. Wanaojua kuandika wawaandikie wasiojua, na zirudi kwetu mbele ya Noeli.